Mlango wa Nyumba ya Ziwani

Nyarubungo, Biharamulo
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Dada yangu Kanyange,

Shikamoo. Naiweka hapa mwanzoni kwa sababu ndivyo mama alivyotufundisha, lakini usiiitikie bado. Soma kwanza mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama mdogo wako Renatus anastahili marahaba.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu uliokuwa unavimba umepata nafuu. Natumaini pia mvua zimeshuka Mugoma na maharage yameota. Huku kwetu zimeanza kwa kusuasua. Fundi Ndizeye ameniambia kwamba mwanao Clever yuko nyumbani tangu mwanzo wa mwezi, na kwamba alianguka na pikipiki akaumia bega. Mpe pole. Nitamrudia mbele ya safari.

Usishangae mwandiko. Unafanana na wa mtoto wa darasa la kwanza kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto, vipande vipande, nikichoka naacha. Mkono wa kulia umefungwa, na siku utakapofunguliwa utakuwa umepungukiwa vidole viwili. Hilo umeshalisikia, habari za namna hii hulitangulia basi la Nyakanazi. Lakini hukusikia yote, ndiyo maana sikupiga simu. Simu yako unaiweka spika, na majirani wote wanaomenya mihogo uani wanasikiliza na kuchangia. Barua hii anakuletea Ndizeye mkononi. Isome peke yako, ukiwa umefunga mlango. Wewe unao wa kufunga.

Nianze na nyumba, kwa sababu kila kitu kimepitia hapo. Unaikumbuka ardhi ya baba kando ya ziwa, tulipokuwa tunanywesha ndama. Ziwa lenyewe ni dogo kiasi kwamba wachora ramani hulisahau, lakini maji yake yanabeba sauti kuliko waya wowote wa simu. Kanisa liko ng'ambo, na wakiimba unasikia hata maneno. Hapo ndipo nilipojenga, nikitaka nyumba ndogo ya kusomea na kuandikia, mbali na kelele za watu ambao nimekuwa nikigombana nao tangu nilipojua kusoma.

Nyumba ikishaezekwa, kila mtu anakuwa mhandisi. Wifi yako Deodata alisema jiko ndilo la kwanza, maana amechoka kupika chini ya bati lililoegeshwa kwenye mti. Wewe ulisema choo, na ulisema kwa simu, kwa sauti kubwa, kwamba mgeni akionyeshwa ziwa halafu akaonyeshwa kichaka hatarudi tena. Ndizeye alitaka plasta, kisha sakafu, na alinikumbusha kila asubuhi kama anayenipa dawa. Idefonsi, mwenyekiti wetu wa kitongoji na kamanda wa sungusungu, alikagua madirisha na kuagiza nondo. Clever alikuwa amekuja mwezi wa sita kumsaidia Ndizeye kuuweka mlango wa chuma, na alisema wa mwisho, kama inavyompasa kijana mbele ya mjomba wake. Alisema bawaba.

Bawaba zenyewe ni zile za pini, mlango unashushwa kwa juu na kukaa. Zisipozibwa kwa kipande cha chuma, mtu akiunyanyua mlango kutoka chini unatoka mzima. Kuziba kunahitaji mchomeleaji, na mchomeleaji huja huku na jenereta yake mgongoni mwa pikipiki, siku anayotaka yeye. Alikuja mara moja. Siku hiyo nikamwambia achomelee fremu ya rafu ya vitabu. Nikawahutubia wote, na unanijua nikishaanza, kwamba ushenzi wa nchi hii unaanza kwa watu wanaonunua kufuli kabla ya kununua kitabu, na kwamba nyumba yangu itamalizwa kuanzia kichwani. Ndizeye alicheka. Idefonsi alicheka. Clever hakucheka. Aliinama, akaingiza bega chini ya kitasa, akaunyanyua mlango wote kwa pumzi moja, akausimamisha ukutani. Akaniambia, "Marume, mwizi hana haja ya kuvunja."

Marume ndivyo anavyoniita tangu ulimi wake ulipopata nguvu. Ninao wapwa wengine, wote wananiita mjomba kwa Kiswahili cha shule. Yeye peke yake ndiye aliyebaki na neno la nyumbani.

Alipokuwa anaurudisha tulitaniana. Unajua babu alivyotusimulia, kwamba kwa ukoo wetu mjomba akifa, mpwa ndiye anayeuzima moto wake na kuutoa mlango wa nyumba yake siku ya maziko. Clever akasema nisihangaike na vipande vya chuma, siku yangu ikifika ataunyanyua hivihivi bila kuazima nyundo. Nikamwambia asiwe na haraka. Ulikuwa utani wa mjomba na mpwa, na ulikuwa mtamu. Sijacheka hivyo tena tangu siku hiyo.

Sasa nizungumzie yowe, maana hapo ndipo watu wote huku wanapodhani wananielewa. Mwaka jana walimuua Habonimana. Alikuwa kibarua, analima mashamba ya watu, na bwana mmoja alimpa mbuzi kwa kazi aliyofanya. Alipita na mbuzi wake njiani jioni, mama mmoja akamtambua mbuzi, hakumtambua mtu, akapiga yowe. Kwetu yowe likipigwa hakuna kuuliza. Unashika ulichonacho unakimbia, na asiyekimbia anatozwa faini. Walimpiga kwa majembe. Mwenye mbuzi alifika akihema kusema kwamba alimpa mwenyewe, akakuta wameshamvisha tairi na tairi linawaka. Nilifika nyuma yake. Kuna harufu, dada, ambayo sitakuandikia.

Niliandika gazetini. Nilisema redioni. Nilisimama kwenye mkutano wa kitongoji nikawaambia usoni kwamba wao si jeshi la ulinzi, ni kiberiti kinachotembea. Nikaapa mbele yao kwamba hata waje watu kunichinja ndani ya nyumba yangu, mimi sitapiga yowe, kwa sababu sitaki roho ya mtu yeyote, hata mwizi, iwe mikononi mwa umati. Wakanipa jina, Wakili wa Wezi. Katekista alisema kanisani kwamba Habonimana naye alikuwa na dhambi zake. Nikamfuata nje ya kanisa tukagombana, na tangu siku hiyo siendi Misa.

Ukaja mwezi wa nane. Unajua jinsi kundi la wavuvi wa kokoro lilivyokuwa linalimaliza ziwa, linakomba hata samaki wadogo kama kucha. Niliandika makala baada ya makala mpaka maofisa wakaja. Walikusanya nyavu na mitumbwi ufukweni wakamwagia petroli. Kati ya mitumbwi ile ulikuwamo wa Clever, aliyekuwa amebaki huku akivua nao, mtumbwi aliouchonga mwenyewe na kuupaka lami kwa mikono yake. Alinifuata mbele ya watu. Hakubisha kuhusu nyavu. Aliomba niseme neno moja tu kwa ofisa, wachome nyavu waache mtumbwi. Alisema, "Mtumbwi hauna matundu, marume."

Nilimjibu kwa sauti ya kusikika na maofisa, waandishi na ufukwe mzima. Nilisema, "Sheria haina mpwa."

Watu walipiga makofi. Mtumbwi uliungua taratibu kuliko nyavu. Jioni ulinipigia ukaniambia kwamba mimi nina mdomo lakini sina ndugu, ukakata simu. Hatujazungumza mpaka leo. Nilikaa na maneno yale nikijiambia kwamba ni maneno ya mama aliyeumia, hayana hoja ndani yake. Hivyo ndivyo nilivyo, naulizia hoja hata msibani.

Jumapili ya mwisho wa mwezi wa tisa nilikuwa peke yangu. Deodata alikuwa kanisani ng'ambo, na karibu watu wote. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ndani, komeo na kufuli, kwa kumridhisha yeye. Nilikuwa napiga randa ubao wa mwisho wa rafu, nyundo ikiwa karibu. Sikusikia kishindo. Nilisikia chuma kikikwaruza chuma, kidogo sana, kisha mwanga wa ziwa ukaingia chumbani wote kwa pamoja. Nilipogeuka, mlango ulikuwa mikononi mwa mtu. Kufuli lilikuwa bado limefungwa vizuri kabisa, linaning'inia.

Walikuwa watatu, nyuso wamezifunga kwa mashati, macho tu nje. Mimi si mtu wa kusubiri utambulisho. Nilishika nyundo nikampiga aliyebeba mlango, kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa wa bega. Mlango ukamwangukia miguuni. Hakulia. Wa pili, aliyevaa mabuti ya mpira, alinipiga teke la goti, na nilipoinama akanipiga ubapa wa panga kichwani mpaka ukuta ukahama. Wa tatu alinikanyaga mbavu. Nilimng'ata mguu, nikaonja tope na damu, akanikanyaga tena mdomoni. Rafu ilianguka. Walinigeuza kama gunia, na yule wa mabuti akasema, kwa Kiswahili kisicho cha huku, "Leteni mkono unaoandika."

Waliulaza kwenye ubao niliokuwa naupiga randa. Aliyevunjika bega alikishika kiganja changu kwa mkono wake mzima, akapiga goti juu ya kiwiko changu. Ng'ambo walikuwa kwenye wimbo wa matoleo. Niliyasikia maneno yote. Yowe moja tu, na kanisa zima lingemwagika, wanaume wakichukua mapanga wanayoyaacha kwenye baiskeli zao, na wale watatu wasingefika hata kwenye matete. Sikupiga yowe. Panga lilishuka. Kidole cha shahada na cha kati vilikwenda kwa mara moja. Mara ya pili panga lilikita kwenye ubao mtupu, mkono ulikuwa umeshaondoka. Wakati yule wa mabuti anahangaika kulichomoa, wimbo wa ng'ambo ulikwisha, na wenzake wakamvuta wasije wakasikika. Walitoka na vitabu walivyoweza kubeba wakavitupa majini. Vidole vyangu alivikuta Deodata, katikati ya maranda.

Watu walijaa nyumbani. Idefonsi alinifunga mkono kwa shati lake mwenyewe, na hilo sitamsahaulia. Aliniuliza kama nimemjeruhi yeyote. Damu ilikuwa inanitoka, dada, lakini bado nilitaka ijulikane kwamba mimi ndiye niliyepiga kwanza. Nikasema nimemvunja mmoja bega. Nilisema mwenyewe, kwa majivuno, na sasa ona maneno hayo yalikokwenda.

Hospitalini sifa zilinifuata. Rafiki mmoja wa gazeti alipiga simu akitaka kuandika kwamba kuna mtu huku Biharamulo aliyekatwa vidole akakataa kupiga yowe kwa ajili ya msimamo wake. Nilimruhusu. Kilabuni vijana walisema Mwandishi anakufa huku anasahihisha makala. Katekista alisema kiburi changu sasa kimekatwa ncha. Deodata alikaa ukingoni mwa kitanda. Alisema kama ningelia tu, hata kidogo, angenisikia, alikuwa amekaa benchi la mwisho kwa ajili yangu. Kisha akafunga nguo zake akaenda kwao. Amesema atarudi mlango ukirudi.

Wiki iliyopita, siku ya gulio, sungusungu walimwona Ndayisenga. Humjui. Ni mtu mpole anayekausha samaki ufukweni, wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Alikuwa ameufunga mkono kwa kitenge shingoni, kwa sababu alianguka na baiskeli iliyobeba ndizi. Hicho tu. Bega bovu, jina la Kirundi, na maneno yangu. Walimburuza mpaka uwanjani. Ndizeye alikuja mbio kuniita, na nilipofika walikuwa wameshamfunga kwa kamba ya nyavu. Mmoja alikuwa anampiga kwa kasia, anapumzika, anampiga. Sikio moja lilikuwa limechanika mpaka kwenye shavu. Meno yake yalikuwa kwenye vumbi na mtoto wa mtu alikuwa anayatazama. Na tairi lilikuwa limeshaletwa, linaviringishwa kama mchezo.

Sikuhutubia. Nililala juu yake. Fimbo iliyokuwa yake ikanipata mimi mgongoni, na nyingine kwenye mkono uliofungwa, nikamtapikia Ndayisenga shingoni kwa maumivu. Idefonsi aliwapigia kelele waache. Akaniinua, akaniuliza kwa upole, upole wake ndio unaotisha, kwa nini namkingia mtu aliyenikata. Nikasema huyu siye. Akasema, "Walijifunga nyuso, Mwandishi. Umejuaje?"

Nikasema, "Namjua niliyempiga."

Aliyekuwa analiviringisha tairi aliliachia. Nilisikia likianguka upande. Idefonsi akasema basi niwatajie. Nikasema nitasema kwenye mkutano, Jumamosi hii inayokuja. Walishauriana pembeni. Akarudi na masharti, kwamba Ndayisenga akae kwangu mpaka Jumamosi, na kama sitataja jina watamrudia yeye, na safari hii nisilale juu ya mtu maana hawataangalia nani yuko juu na nani yuko chini.

Kwa hiyo yuko hapa. Analala kwenye maranda ya rafu. Namnywesha uji kwa mkono wa kushoto kwa sababu hawezi kutafuna, naye ananishikia karatasi isiteleze ninapokuandikia. Hajui kusoma. Kati yetu tuna mikono miwili mizima. Kiti changu nimekiweka pale mlango ulipokuwa, na nyundo mapajani. Ndizeye anasema tuuweke mlango haraka. Namwambia kitongoji kizima hakizuiwi na bati la chuma. Kama wakija, watakachokuta mlangoni ni mimi.

Sasa dada, uliyokuwa unayaogopa tangu ulipoanza kusoma. Pikipiki haikumwangusha mwanao.

Bawaba zile walijua wachache kwamba hazijazibwa, na aliyewahi kuunyanyua mlango ule ni yeye peke yake. Lakini hata hilo sikuliwaza wakati ule, niliwaza baadaye nikiwa kitandani. Nilimtambua pale alipokuwa amenikalia kiwiko. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Akainama mpaka shati lililomfunga uso likanigusa sikio, akasema, "Marume, usipige."

Nilimeza pumzi yangu. Na mkono wangu ulipoondoka kwenye ubao kabla ya panga la pili, sikuuvuta mimi. Aliuvuta yeye. Angeuacha, leo ningekuwa nimebaki na kigutu. Nakuambia hayo yote mawili kwa pamoja, kwamba aliushika ukatwe na kwamba aliuvuta usikatwe zaidi, kwa sababu sijui jinsi ya kuyatenganisha, na wewe uliyemzaa pengine unajua.

Lakini si hilo ninaloliona aibu. Rudia kusoma hapo juu. Nimeandika kwamba nilikuwa nimeshavuta pumzi. Kila mtu kuanzia hapa mpaka gazetini anaamini nilinyamaza kwa ajili ya Habonimana. Si kweli. Makala zangu zote, kiapo changu mbele ya mkutano, usiku wote niliosoma vitabu vya watu wakubwa kuhusu haki, vilikwisha pale chuma kilipogusa ubao. Nilitaka waje. Nilitaka waje na mapanga na tairi na petroli, na nilitaka kutazama. Yowe lilikuwa limeshafika kooni. Wale wangekuwa wageni watatu, wangekuwa majivu kabla Misa haijaisha, na mimi ndiye ningekuwa nimewawasha. Kilichonizuia ni neno moja la nyumbani. Habonimana hakuwa na mtu wa kumwita marume katika umati ule. Ndayisenga naye hana.

Nilisema sheria haina mpwa. Mimi ninaye. Na kama mimi ninaye, basi hata ule mtumbwi ulistahili neno moja. Haukuwa na matundu. Kwa hoja ile Clever alinishinda mbele ya ufukwe mzima, nami nikamjibu kwa makofi ya watu. Ni hoja ya kwanza ninayokubali kushindwa maishani, na nimeikubali nikiwa nimechelewa.

Usidhani nimemsamehe. Sijamsamehe. Kuna saa namuota akiwa mtoto, na kuna saa naota nimempiga nyundo ya pili, kichwani, na naamka nimeridhika. Wala sidhani yeye amenisamehe mimi. Lakini sikuandikii juu ya kusameheana, hilo lina muda wake. Nakuandikia juu ya Jumamosi.

Clever aende polisi huko kwenu Ngara, mchana, wewe ukiwa ubavuni mwake. Aseme alichofanya kwa mdomo wake, na amtaje mtu wa mabuti na yule wa tatu. Afanye hivyo kabla ya Ijumaa. Akienda, nitasimama mahakamani na mkono huu nitasema kwamba aliuvuta. Asipoenda, Ijumaa asubuhi mimi nitakwenda polisi Biharamulo na kulitaja jina lake huko, kwa ofisa, kwa maandishi, si kwa Idefonsi. Kwenye mkutano nitakachosema ni kwamba aliyevunjika bega yuko mikononi mwa sheria, na Ndayisenga aende zake. Jina la mwanao sitalitamka uwanjani hata wanilaze kwenye tairi. Lakini sitanunua maisha yake kwa maisha ya mtu aliyeanguka na ndizi. Ukinichukia kwa hilo, nichukie, utakuwa na haki zaidi kuliko mwezi wa nane.

Usimfiche kwa ndugu wa upande wa baba yake. Usimvushe mpaka. Idefonsi ameshaanza kuuliza mpwa wangu yule fundi mlango alipotelea wapi, na anauliza kwa upole. Polisi ni kuta. Huku ni petroli.

Niimalize habari ya nyumba, maana Ndizeye amesimama uani na mfuko wake, anataka kuwahi gari la Nyakanazi. Akirudi kutoka kwako ataanza plasta. Kisha atamwaga sakafu. Choo chako kitachimbwa kabla ya jiko, umeshinda, na Deodata nitamweleza. Madirisha yatapata vioo, na ubao wa rafu nitaugeuza upande wa pili ili alama ya panga isionekane. Mlango ndio utakaokuwa wa mwisho. Ndizeye ananiona nimepungukiwa na zaidi ya vidole, na huenda Deodata hatarudi kabisa, lakini sitampa mtu mwingine kazi hiyo. Mpwa huutoa mlango wa mjomba aliyekufa. Mimi sijafa. Aliyeutoa kabla ya wakati wake ataurudisha kwa mikono yake, hata kama itabidi kwanza akae gerezani mpaka ndevu zake ziwe na mvi. Mlango wenyewe umeegemea ukuta unaotazama ziwa, nimeufunika turubai usishike kutu. Mwambie bawaba sijazigusa.

Nisalimie watoto wote, na mzee wa jirani yako mwenye redio, na umwambie nitakaa kimya redioni kwa muda. Deodata angekusalimia kama angekuwapo. Ndayisenga anakusalimia, ameniuliza naandika kwa nani nikamwambia kwa dada yangu, akasema niandike kwamba uji wangu una mabonge.

Sasa umefika mwisho. Ndizeye nimemwagiza asiingie ndani, asimame nje ya dirisha mpaka umalize kusoma. Kama shikamoo yangu bado ina mwenyewe, iitikie kwa sauti, ataisikia na ataniletea. Asiposikia kitu, nimemwambia aniletee huo ukimya.

Ni mimi mdogo wako,
Renatus